Kuhakiki wasifu wa James Monroe: chanzo kipi kwa dai lipi?

Wasifu mfupi wa James Monroe, Rais wa tano wa Marekani, huandikwa karibu vilevile popote unapoukuta. Alizaliwa Virginia tarehe 28 Aprili 1758. Aliacha chuo akaenda kupigana katika vita vya Mapinduzi dhidi ya Uingereza, akavuka mto Delaware pamoja na George Washington huku ameshika bendera, akajeruhiwa Trenton, akarudi nyumbani akiwa kanali. Akawa seneta, balozi, gavana, waziri, kisha Rais. Mwaka 1820 alichaguliwa tena kwa kura zote isipokuwa moja, ambayo mpigakura mmoja aliinyima kwa makusudi ili heshima ya kuchaguliwa bila kupingwa ibaki ya Washington peke yake. Akafariki tarehe 4 Julai 1831.

Baadhi ya hayo ni kweli tupu, baadhi ni kweli iliyotiwa chumvi, na mawili ni hekaya. Mhariri au mfasiri anayekabidhiwa maandishi kama hayo hasumbuliwi na uhaba wa vyanzo. Vyanzo ni tele, vingi viko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando, na karibu vyote vina sura ya kuaminika. Kinachomsumbua ni kwamba kila kimoja ni shahidi mzuri wa jambo fulani na shahidi dhaifu wa jambo jingine. Kuuliza "chanzo kipi ni bora?" hakuna maana mpaka useme unahakiki dai gani. Kwa hiyo hapa ninavilinganisha vyanzo vyenyewe kwa madai, nikianza na yaliyo rahisi.

Tarehe za kuingia na kutoka madarakani

Kwa vyeo vya bungeni, fungua kwanza kamusi ya wasifu inayotunzwa na Bunge la Marekani lenyewe. Inamhusu kila aliyewahi kukaa humo tangu mwaka 1774, ni bure mtandaoni, na lugha yake ni kavu kama daftari la mahudhurio. Ukavu huo ndio faida yake. Humo Monroe anaonekana Seneti kuanzia tarehe 9 Novemba 1790 hadi 27 Mei 1794, alipokwenda Ufaransa kuiwakilisha nchi yake. Ensaiklopedia za kawaida hukupa "1790–1794" tu, na kwa wasifu mfupi hiyo inatosha, lakini ukitaka kujua kama alikuwa bado seneta siku fulani, mwaka peke yake hausaidii.

Kamusi hiyo ina mitego miwili kwa anayeandika Kiswahili, na yote miwili inatokana na sisi kusoma maneno ya karne ya 18 kwa macho ya leo. Inasema Monroe alikuwa katika Kongresi kuanzia 1783 hadi 1786. Ukiandika "alichaguliwa mbunge mwaka 1783", msomaji atafikiria Bunge la sasa lenye mabaraza mawili. Halikuwepo. Lile lilikuwa baraza la wajumbe waliotumwa na majimbo, na Katiba ya sasa ilikuwa haijaandikwa. Mtego wa pili ni Seneti: mpaka yalipokuja marekebisho ya Katiba ya mwaka 1913, maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Wananchi wa Virginia hawakumpigia Monroe kura ya useneta. Mwaka 1789 walipopata nafasi ya kumpigia kura kwa ajili ya Baraza la Wawakilishi, walimchagua mpinzani wake, James Madison.

Kwa vyeo vya uwaziri, ofisi ya historia ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina maelezo yaliyonyooka zaidi. Monroe alishika wizara hiyo Aprili 1811, na baada ya Waingereza kuuchoma mji wa Washington Agosti 1814 akabebeshwa pia Wizara ya Vita hadi mwanzoni mwa 1815. Wasifu mwingine huandika kana kwamba aliacha moja akashika nyingine. Alizibeba zote mbili kwa pamoja.

Asubuhi ya Trenton

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo tofauti ya vyanzo inapoonekana wazi.

Vita vya Trenton vilipiganwa tarehe 26 Desemba 1776 dhidi ya askari wa Hesse, Wajerumani waliokodiwa na Uingereza. Monroe alikuwa luteni wa miaka 18 katika Rejimenti ya Tatu ya Virginia. Dai la kila wasifu ni kwamba alijeruhiwa begani akiwa katika kundi lililokimbilia mizinga ya adui, mshipa mkubwa wa damu ukakatika, na daktari akamwokoa asife kwa kuvuja damu.

Shahidi wa karibu zaidi kwa wakati ni ripoti ambayo Washington aliiandikia Kongresi tarehe 27 Desemba, siku moja baada ya vita. Inapatikana bure katika Founders Online, hazina ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani yenye nyaraka zaidi ya 180,000. Ripoti inahesabu maadui waliosalimu amri: maofisa 23 na askari 886. Kuhusu upande wake, Washington anasema hasara ni ndogo sana, maofisa wawili tu na askari wa kawaida mmoja au wawili waliojeruhiwa.

Itazame vizuri sentensi hiyo ya mwisho. Hakuna jina. Jina la Monroe halimo, wala la Kapteni William Washington, ndugu wa mbali wa jenerali, aliyejeruhiwa katika shambulio hilohilo. Tena "mmoja au wawili" ni maneno ya mtu anayeandika kabla hesabu haijatulia. Kwa hiyo hati iliyo karibu kabisa na tukio haiwezi peke yake kuthibitisha dai letu. Inachofanya ni kuliwekea mipaka: maofisa waliojeruhiwa ni wawili. Mtu akikuletea wasifu wa ofisa wa tatu aliyemwaga damu Trenton, hapo una haki ya kumwuliza maswali.

Shahidi wa pili ni barua ya Washington ya tarehe 30 Mei 1779 kwa Archibald Cary, mwanasiasa wa Virginia. Ni barua ya kumpendekeza Monroe, aliyekuwa akitafuta kazi katika jeshi la jimbo lake. Washington anasema wazi kwamba kijana huyu alijipambanua Trenton, alipopata jeraha, na kwamba kwa sababu hiyo alimpa ukapteni katika rejimenti mojawapo ya zile za nyongeza. Barua hii imechelewa kwa zaidi ya miaka miwili, na ni ya kusifu, kwa hiyo maneno ya sifa yapunguze uzito. Lakini jeraha na cheo ni mambo ambayo jenerali mkuu aliyajua mwenyewe na hakuwa na sababu ya kuyabuni. Kwa dai kwamba Monroe alijeruhiwa Trenton, sijaona hati inayoizidi hii.

Shahidi wa tatu ni Monroe mwenyewe. Uzeeni, baada ya kutoka madarakani, alianza kuandika tawasifu, akijitaja kwa nafsi ya tatu. Hakuimaliza, haikufika hata kwenye urais wake, na ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1959. Humo ndimo inamotoka sehemu tamu ya kisa. Usiku wa kuamkia vita kikosi chao cha mbele kilikuwa kinalinda barabara. Mbwa wa nyumba ya jirani wakabweka, mwenye nyumba akatoka akiwafokea, akidhani ni Waingereza. Alipogundua ni Wamarekani aliwaletea chakula, akasema yeye ni daktari na atafuatana nao huenda akamfaa mtu. Kesho yake aliyemfaa ni Monroe. Wanahistoria humtaja daktari huyo kuwa John Riker.

Je, uiandike hadithi ya mbwa? Nasema iandike, maana inaeleza kwa nini daktari alikuwa karibu hivyo, lakini mpe mwenyewe maneno yake: "Monroe alisimulia uzeeni kwamba…" Karibu nusu karne ilikuwa imepita. Isitoshe, miaka hiyo Monroe alikuwa anasumbuliwa na madeni na kuliomba Bunge limrudishie fedha alizodai kuwa alizitumia katika utumishi wa umma. Bunge lilimlipa kwa awamu mbili, mwaka 1826 na 1831. Mzee anayedai malipo ya utumishi wake huwa na sababu ya kuukumbuka utumishi huo kwa mapana. Simwiti mwongo, ila msomaji ana haki ya kujua nani anaongea na alikuwa wapi alipoongea.

Kanali asiye na askari

Barua ile ya 1779 ina jambo jingine ambalo wasifu mwingi huliruka. Washington anaeleza kwamba rejimenti ya Monroe haikufanikiwa kwa sababu ya ugumu wa kupata watu wa kuandikishwa, ndipo akajiunga na Lord Stirling, jenerali wa Marekani licha ya jina lake, akamtumikia katika misimu miwili ya vita akiwa mpambe wa kujitolea. Linganisha maneno hayo na "alipanda hadi cheo cha kanali" ya wasifu wa kawaida. Wapambe wa majenerali walipewa hadhi ya meja. Baada ya hapo jimbo la Virginia lilimpa kamisheni ya luteni kanali, lakini watu wa kuongoza hawakupatikana. Majirani na wanasiasa wenzake waliendelea kumwita Kanali Monroe maisha yake yote, kama ilivyokuwa desturi. Kwa hiyo "aliitwa Kanali" ni sahihi. "Aliongoza rejimenti vitani akiwa kanali" si sahihi.

Mtu atasema: kwa nini usifungue tu mafaili ya jeshi? Mafaili mengi yaliungua. Tarehe 8 Novemba 1800 moto uliteketeza ofisi za Wizara ya Vita na kumbukumbu zake za miaka ya Mapinduzi. Kinachoitwa leo rekodi za utumishi wa askari wa Mapinduzi ni kazi ya makarani wa mwishoni mwa karne ya 19, waliokusanya orodha zilizosalia, za mahudhurio na za mishahara, wakanakili jina kwa jina kwenye kadi. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa, lakini jina kukosekana humo si ushahidi kwamba mtu hakupigana.

Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na mafaili ya pensheni, takribani 80,000, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa. Sheria mbili ndizo muhimu, na hazifanani. Ile ya Machi 1818, ambayo Monroe mwenyewe aliitia saini akiwa Rais, ilimtaka mwombaji awe fukara. Kuanzia 1820 ilibidi aorodheshe mali yake yote, kwa hiyo utakuta sufuria, ng'ombe na madeni vimetajwa kimoja kimoja. Ile ya Juni 1832 haikudai ufukara bali maelezo ya utumishi, na wazee wengi walisimama mahakamani wakasimulia vita vyao kwa kiapo, wakiwataja maofisa waliowafahamu. Ukitaka maisha ya nyumbani ya askari, tafuta faili la 1818 hadi 1820. Ukitaka simulizi ya vita, tafuta la 1832, ukikumbuka kwamba aliyepigana Trenton alikuwa anasema baada ya zaidi ya miaka 55. Kwa Monroe, aliyefariki 1831, mafaili haya ni ya pembeni. Kwa askari wa kawaida aliyesimama nyuma yake, mara nyingi ndicho kitu pekee kilichobaki.

Michoro miwili

Hekaya ya bendera ina chanzo kinachojulikana. Ni mchoro wa Emanuel Leutze uliokamilika Ujerumani mwaka 1851, miaka 75 baada ya tukio, wenye upana wa karibu mita sita na nusu, na sasa uko Metropolitan Museum, New York. Washington amesimama ndani ya mashua, na nyuma yake kijana Monroe amekumbatia bendera ya nyota na mistari. Bendera hiyo iliidhinishwa na Kongresi tarehe 14 Juni 1777, karibu miezi sita baada ya mto kuvukwa. Na Monroe alivuka mapema, na kikosi cha mbele, si katika mashua ya jenerali.

Mchoro wa John Trumbull kuhusu Trenton, ulioko katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, haujulikani sana lakini ni shahidi wa aina nyingine. Trumbull naye alitumikia katika vita vya Mapinduzi, aliwahi kuwa mpambe wa Washington mwaka 1775, na alifanya bidii kuchora nyuso za watu akiwatazama. Katika mchoro wake Monroe yuko chini, amejeruhiwa, ameshikiliwa na daktari. Mpangilio wa watu ni wa kupangwa, kama michoro yote ya vita ya wakati ule. Hata hivyo nani alikuwepo na nani aliumia vinaafikiana na barua. Ukihitaji picha ya kuweka kwenye wasifu, chagua ya Trumbull. Ukiweka ya Leutze kwa sababu ni maarufu, andika chini yake ilichorwa lini.

Nyumba iliyoonyeshwa kwa miaka mingi

Shamba la Monroe liitwalo Highland, jirani na Monticello, shamba la Thomas Jefferson, Rais wa tatu, linamilikiwa na Chuo cha William & Mary. Kwa miongo mingi wageni walionyeshwa jengo lililosimama pale na kuambiwa kwamba ndiyo nyumba, au sehemu ya nyumba, aliyoishi Rais. Wengi walishangazwa na udogo wake, na maandishi yakajaa maelezo kuhusu Rais aliyeishi kwa unyenyekevu. Mwaka 2016 chuo kilitangaza kwamba wanaakiolojia wamepata msingi wa nyumba kubwa zaidi uani, na kwamba uchunguzi wa miti iliyojengea lile jengo dogo unaonyesha ilikatwa katika muongo wa 1810. Matokeo hayo yaliafikiana na barua ya Monroe ya 1818 kwa mkwewe George Hay kuhusu ujenzi wa nyumba ya wageni.

Barua ilikuwepo muda wote. Lakini jengo unaloweza kuligusa lina nguvu kuliko karatasi, na watu waliamini jengo. Kwa mhakiki, tofauti ya maana hapa ni tarehe ya chapisho: wasifu wowote uliochapishwa kabla ya 2016, hata uwe wa mwanahistoria mahiri kiasi gani, usiufuate juu ya nyumba ya Highland. Tumia taarifa za makumbusho yenyewe za baada ya hapo, nao wameliandika jambo hili kwa uwazi unaostahili pongezi.

Kura moja ya mwaka 1820

Monroe alipata kura 231 kati ya 232 za wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wanaoteuliwa katika kila jimbo ili wamchague Rais. Kura iliyobaki, ya William Plumer wa New Hampshire, ilikwenda kwa John Quincy Adams. Kwamba Plumer alitaka kulinda heshima ya Washington ni hadithi ya baadaye. Plumer mwenyewe aliandika sababu zake, ikiwemo katika barua kwa mwanawe: hakuridhika na uongozi wa Monroe. Tena wajumbe wa kila jimbo walikutana kwao, siku moja nchi nzima, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua kwa hakika kwamba yeye ndiye pekee. Hapa kuchagua chanzo ni rahisi. Nia ya mtu ithibitishwe kwa maneno ya mtu huyo ya wakati huo. Masimulizi ya kizazi kilichofuata hayawezi kushindana nayo, hata yakirudiwa katika vitabu mia.

Jambo kama hilo liko kwenye Tamko la Monroe, onyo lake kwa mataifa ya Ulaya yasianzishe makoloni mapya katika mabara ya Amerika. Maneno yenyewe yamo katika ujumbe wake kwa Bunge wa tarehe 2 Desemba 1823, na hapo huna haja ya mtu wa katikati, soma ujumbe. Nani aliyatunga mawazo ni swali jingine. Shajara ya Adams, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, inatupa mijadala ya baraza la mawaziri ya Novemba 1823 karibu siku kwa siku, ni hazina kubwa, na ni shajara ya mtu anayeeleza ushindi wake mwenyewe. Mchango wa Monroe usipimwe kwa kalamu ya Adams peke yake.

Yanayoachwa

Uhakiki hauishii kwenye yaliyoandikwa. Wasifu mwingi mfupi unasema Monroe alikuwa gavana wa Virginia kuanzia 1799 hadi 1802, kisha unaruka hadi mwaka 1803, Marekani iliponunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa. Katikati hapo kuna mwaka 1800. Mhunzi mtumwa aitwaye Gabriel, wa shamba la Prosser karibu na Richmond, alipanga uasi mkubwa wa watumwa kwa usiku wa tarehe 30 Agosti. Mvua kubwa ilikata njia, siri ikavuja, gavana Monroe akawaita wanamgambo. Watu zaidi ya 20 walinyongwa, Gabriel mwenyewe mwezi Oktoba.

Chanzo cha kusoma hapa ni barua ya Monroe kwa Jefferson ya tarehe 15 Septemba 1800, naye Jefferson akajibu tarehe 20. Monroe anauliza mkono wa mnyongaji uzuiwe wakati gani. Jefferson anamjibu kwamba wako wengi wanaoona kunyonga kumetosha. Ni barua ngumu kusoma, na ndiyo sababu inafaa kusomwa nzima. Inamwonyesha Monroe akisita, na inamwonyesha pia akiwa mmiliki wa watumwa anayepima uhai wa watu kwa usalama wa jimbo. Mwanahistoria anaweza kukufupishia, na Harry Ammon, aliyechapisha wasifu mkubwa wa Monroe mwaka 1971, ni mwongozo mzuri kwa siasa zake zote. Kwa jambo hili lakini, muhtasari wa mtu mwingine usikutoshe.

Kwa msomaji wa Afrika kuna uzi wa ziada. Baada ya uasi ule, viongozi wa Virginia, Monroe na Jefferson wakiwemo, waliandikiana juu ya kuwapeleka mbali watu weusi waliohesabiwa kuwa hatari, na Afrika ilitajwa katika barua hizo. Miaka baadaye, Monroe akiwa Rais, serikali yake iliunga mkono mradi uliozaa Liberia, na mwaka 1824 makazi yale yakapewa jina lake: Monrovia. Wasifu unaotaja Monrovia kama heshima tu, bila kutaja mwaka 1800, umeandika jibu ukaficha swali.

Ukiwa na muda mchache, au mwingi

Kabla hujachagua, jua pengo moja la Founders Online. Hazina hiyo imejengwa juu ya nyaraka za watu kama Washington, John Adams, Jefferson, Madison, Hamilton na Franklin. Monroe hana sehemu yake humo. Utaziona barua zake pale tu upande wa pili ulipokuwa mmoja wa wale. Barua aliyomwandikia mkwewe usiitarajie. Kwa hizo kuna njia mbili. Toleo la zamani la maandishi yake, juzuu saba za mwaka 1898 hadi 1903, halina tena hakimiliki na linapakuliwa bure, ila limejikita kwenye aliyoyaandika yeye. Toleo la kisasa la Chuo Kikuu cha Mary Washington, lililoanza kutoka mwaka 2003, linaweka pia barua alizopokea na tanbihi za wahariri. Kama maktaba ya chuo chenu inalo, usihangaike na lile la zamani.

Ukiwa na saa moja tu na wasifu wa aya tano, mpango wangu ni huu: tarehe za ofisi kwenye kamusi ya Bunge, Trenton kwenye barua ya 30 Mei 1779, mwaka 1800 kwenye barua ya Septemba. Ondoa bendera na sababu ya kura ya Plumer bila kusita. Kamusi elezo huru za mtandaoni na programu za akili mnemba zinafaa kukuonyesha pa kuanzia. Tumia orodha ya marejeo au jina la hati unalopewa, kisha fungua hati yenyewe, maana programu hizi huweza kukutajia barua isiyokuwepo kwa ujasiri uleule zinaotumia kwa barua iliyopo.

Ukiwa na wiki, ongeza Ammon na toleo la kisasa la barua, na uangalie sentensi moja ambayo karibu wote huiandika kwa haraka: kwamba Monroe ni Rais wa mwisho aliyeshiriki vita vya Mapinduzi. Andrew Jackson, aliyeingia madarakani 1829, alitumika kama tarishi akiwa kijana mdogo na kutekwa na Waingereza mwaka 1781. Andika "Rais wa mwisho aliyekuwa ofisa katika vita vya Mapinduzi", na sentensi itasimama.